Sandwichi ya Mavyaa

Jumatatu, 2 Juni

Ameirudisha tena. Yai limeiva mno, anasema. Kiini kikishikana si sandwichi, ni mpira. Nimekaanga jingine. Slesi mbili za mkate zilizochomwa kidogo, siagi pande zote, hemu mbili zilizokunjwa, yai juu, kiini kitetemeke. Pilipili manga. Akala katikati, kingo akaniachia. Miaka kumi na tisa ya ndoa nakula kingo za mama mkwe wangu.

Mavyaa alikuwa mpishi wa kiamshakinywa katika hoteli ya watalii miaka ishirini na minane. Anaamini Magogoni nzima hakuna ajuaye yai ila yeye. Hemu, hiyo nyama ya paja la nguruwe iliyotiwa chumvi na kukatwa nyembamba, huletwa na wifi yangu Dama kila Jumapili akitoka Likoni. Dama anafanya kazi kwenye duka la nyama mjini. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Rehema, hufunga dirisha nikianza kukaanga. Hajawahi kusema neno. Mwislamu mmoja ana adabu kutushinda Wakristo wote wa nyumba hii.

Baadaye nimeosha kidonda. Kiko chini ya wayo wa mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Alikanyaga msumari wakati wa Pasaka. Ana ugonjwa wa sukari, nyayo zimekufa ganzi, hakujua mpaka alipoona damu sakafuni. Sasa kina upana wa kizibo cha soda na hakitaki kupona.

Kesho kliniki. Nimechoka naye.

Jumanne, 3 Juni

Daktari hakuzunguka. Wiki sita. Kidonda kisipoanza kufunga, kikafika mfupani, mguu utakatwa chini ya goti. Kazungu mume wangu alikuwa zamu, kiwandani Changamwe. Kwa hiyo niliyasikia mimi, na mavyaa kwa sikio moja. La kushoto lilikufa zamani. La kulia husikia linachotaka.

Tukapelekwa kwa msichana wa lishe. Mtu wa bara, anaongea mbiombio kama anafukuzwa. Akaniuliza mama hula nini asubuhi. Nikamweleza sandwichi yote. Akashika kichwa. Akaichambua kipande kwa kipande. Hemu ni chumvi tupu, na presha ya mama iko juu. Siagi ni mafuta. Mkate mweupe unageuka sukari ukifika tumboni. Nikadhani amemaliza. Kumbe bado.

"Lakini yai usitoe, mathe. Hiyo kidonda inajengwa na protini. Mayai mawili ya kuchemsha kila siku. Bila hiyo haifungi."

Akaandika kwenye karatasi, kwa Kiingereza.

Mavyaa akaniuliza amesemaje. Nikamsogelea sikio la kulia. Nikasema hemu basi, chumvi basi, siagi basi. Yote kweli. Akafikiri. Akauliza, "Na yai? Yai si hutia kidonda usaha?"

Hiyo ni imani yake, na ya mamake, na ya bibi zake huko Kaloleni. Mwenye kidonda hali yai. Nilikuwa na nafasi ya kumsahihisha. Msichana alikuwa pale pale, anatafuta kalamu yake.

Nikasema, "Wewe ndiwe mjuzi, mama."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Sikusema uongo hata neno moja. Kwenye tuktuk njia nzima nilikuwa nasikia raha. Daftari hili ni langu peke yangu, kwa hiyo naiandika kama ilivyokuwa. Raha.

Alhamisi, 5 Juni

Yeye: uji wa wimbi, bila chumvi, bila sukari.

Mimi: sandwichi.

Nimekaa mbele yake kabisa. Nimechukua paketi ya hemu nikawa naisoma huku natafuna. Protini, mafuta, chumvi, chumvi nyingine yenye jina refu. Yai moja lina kama gramu sita za protini, msichana alisema. Mawili, kumi na mbili. Nimeweka mawili. Niliyasikia yakiteremka yakaenda kujenga mwili usio na kidonda.

Mavyaa alikuwa ananusa. Pua zinapanuka, mkono umesahau kijiko ndani ya uji. Nikamsubiri aombe. Akasema kiini kimepasuka, nilikaanga kwa moto mkali.

Huyu mwanamke angemkosoa hata anayemchimbia kaburi.

Jumamosi, 7 Juni

Niliandike mara moja, nisilirudie.

Mimba yangu ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mavyaa alikuwa akirudi kutoka hotelini ananukia siagi na hemu, ameshawakaangia wageni mayai kutwa. Nyumbani mimi yai nilikatazwa. Mjamzito akila yai, mtoto huzaliwa hana nywele. Maini nilikatazwa. Firigisi hata nisiitazame. Nilikula ugali na mchicha na chai ya rangi. Kliniki wakasema damu yangu imepungua, nile mayai. Nikamletea ujumbe huo kwa heshima zote. Akasema huyo daktari hajawahi kuzaa.

Mtoto akaja miezi saba. Wa kiume. Siku nne. Wanawake walipokuja kunipa pole, mavyaa akawaambia mbele yangu kwamba nilikula mayai kwa siri, ndiyo maana. Nimekaa mkekani, maziwa yanalowesha kanga, nasikiliza. Sikuwa nimekula hata moja. Kazungu alikuwa pale. Alitazama miguu yake.

Hakuna daktari aliyesema ni kwa ajili ya mayai. Huenda angekufa vyovyote. Hilo nalijua, na halinisaidii.

Mimba mbili zilizofuata nilikula mayai chooni. Ya kuchemsha, harakaharaka, maganda nikayatupa shimoni. Watoto wote wawili wako shule ya bweni sasa, na nywele wanazo.

Jumapili, 8 Juni

Dama amekuja baada ya ibada na trei nzima ya mayai. Kazungu alimsomea ile karatasi kwenye simu. Hemu ameleta pia, paketi mbili. Amesema hiyo ni yangu, kwa kazi ninayoifanya. Nimemshukuru.

Kisha akamuuliza mamake kama anakula mayai. Nikasimama na sufuria mkononi. Dama ni mkaidi, akijua mamake anayakataa atamkalia kifuani amlishe. Nikasema moyoni, haya, imekwisha.

Mavyaa akajibu, "Sidi hunipa mawili kila asubuhi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Dama alipoondoka akaniita. Akanishika mkono, ule mkono wake wenye makovu ya mafuta. "Hayo mayai uyale wewe, mwanangu. Usimwambie Dama, atanisumbua. Hawa wasomi hawajui vidonda."

Mwanangu. Sijawahi kuwa mwana wa mtu katika nyumba hii.

Jioni nikapanga mayai kwenye friji, yakajaa rafu mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Namwosha vizuri. Maji ya vuguvugu, dawa ya hospitali, bandeji safi. Hakuna atakayenilaumu kwa usafi.

Sketi ya kanisani imegoma kufunga. Mashavu yamejaa. Bi Rehema ameniambia nimenawiri, na alisema kwa namna ambayo sikuipenda.

Mavyaa sasa ananifunza. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, mguu juu ya kigoda, anatoa amri. Moto mdogo. Funika. Usiliguse, litajigeuza lenyewe. Hemu ianze kwenye kikaango, ikitoa mafuta yake ndipo yai liingie. Mayai yangu yamekuwa mazuri ajabu. Kiini kinatetemeka vile vile alivyokuwa akitaka miaka yote hii, na anayekula ni mimi. Ananitazama nikila kama mwalimu anayetazama mwanafunzi amepata mia kwa mia.

Hilo la mwisho limeniudhi. Nilitaka aumie.

Jumanne, 17 Juni

Kliniki. Nesi amepima kidonda kwa rula ya karatasi. Kimeongezeka. Si sana.

Msichana wa lishe akaniuliza, mayai yanaliwa? Nikasema mawili kila siku. Yanaliwa, ndiyo. Hakuniuliza na nani. Akaandika, akakunja uso, akasema ajabu, kingekuwa kimeanza kushika. Labda ni damu haifiki huko chini. Mavyaa alikuwa anatabasamu tu, hasikii kitu.

Wakati tunangojea dawa nesi akanipima na mimi presha, bure. Iko juu. Akaniambia nipunguze chumvi.

Jumapili, 22 Juni

Bi Rehema ameharibu mambo. Tangu Jumatano analeta supu ya samaki kila adhuhuri. Changu, ndimu, bila chumvi, maana aliniuliza kwanza. Mavyaa samaki hamwogopi. Anakunywa bakuli zima, anatafuna mpaka macho ya samaki, anataka jingine.

Na leo nimefungua bandeji nikaona. Ndani ya kidonda, pembeni, nyama mpya. Nyekundu, mbichi, safi kama ufizi wa mtoto. Siku nne za supu tu.

Nilikaa chini. Kwa hiyo yule msichana alisema kweli. Mpaka leo nilikuwa najiambia huenda ni maneno ya kitabuni tu, huenda yai na uji ni mamoja, kidonda cha sukari hakina adabu. Sasa najua. Nimekitazama kwa macho yangu mawili.

Bi Rehema alipokuja na bakuli nikamkuta mlangoni.

"Mungu akulipe, Bi Rehema. Lakini daktari amekataza samaki."

"Wallahi? Samaki?"

"Ndivyo alivyosema."

Akanitazama muda mrefu. "Haya. Mola amponye," akasema, akarudi na bakuli lake limefunikwa vile vile.

Huu sasa ni uongo. Siwezi kujificha nyuma ya mavyaa wala imani za Kaloleni. Nimeusema kwa kinywa changu, saa saba mchana.

Jumatano, 25 Juni

Mavyaa ameulizia supu mara tatu. Nimesema Bi Rehema ana wageni. Uongo wa pili ni mwepesi.

Ile nyama nyekundu imegeuka kijivu.

Nimekula sandwichi. Haikuwa na ladha. Nimeongeza chumvi.

Jumatatu, 30 Juni

Homa tangu jana. Kidonda kinanuka, na harufu haitoki hata nikifungua madirisha yote. Kazungu alirudi kutoka zamu, akaketi kitandani kwa mamake, akaushika ule mguu akalia. Mwanamume mzima, mabega kama mlango. Sijawahi kumwona akilia. Kwa mwanangu hakulia.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitaka kumwambia. Nikameza.

Lakini nimeogopa. Mtu akikatwa mguu hawi tena mama mkwe wa kuudhi, anakuwa mtu aliyekatwa mguu. Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Nilitaka adhoofike, anitegemee, aombe. Mguu sikuutaka. Ningeuweka wapi?

Nikachemsha mayai mawili. Nikayamenya, nikayapeleka kwenye sahani nzuri. Nikamwambia sikioni, kula mama, yatakupa nguvu.

Akanitazama kama nimeleta sumu. "We Sidi. Kidonda kiko hivi, wataka kunitia usaha?"

Nikamwambia msichana wa lishe hana neno na mayai. Akasema msichana wa lishe ni mtoto. Nikamwambia mara ya pili. Akageukia ukutani.

Nikayala mwenyewe, nimesimama jikoni, bila chumvi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekoroga yai bichi ndani ya uji ungali motoni. Nikaupiga kwa mchapo mpaka hakuna alama. Ndimu kidogo kuua harufu.

Kijiko kimoja. Akautema wote kifuani pangu. Miaka ishirini na minane amepika mayai, nilidhani nitamficha nini? Akasema nataka kumuua. Akasema kwa sauti, Bi Rehema lazima amesikia.

Mwezi mzima nimekuwa nikimuua kimyakimya, akaniita mwanangu. Siku niliyojaribu kumponya ndiyo siku aliyoniona muuaji. Nimecheka bafuni peke yangu mpaka nikakohoa. Hakikuwa kicheko kizuri.

Jumatatu, 7 Julai

Neno moja tu kwa Kazungu. Kwamba mamake hajala hata yai moja. Angemlisha yeye, angemwita Dama, wangemwita mchungaji, angekula. Bado kuna wiki moja katika zile sita.

Lakini Kazungu angeuliza, na yale mayai yote ya Dama ameyala nani?

Amekula chakula cha jioni mbele yangu. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Akaenda zamu.

Nimeliandika hili ili nisije nikajidanganya mbeleni kwamba nilisahau, au kwamba nafasi haikupatikana. Ilipatikana. Nilijipenda zaidi.

Alhamisi, 10 Julai

Kimefika mfupani. Daktari ameonyesha picha kwenye taa. Mimi niliona giza na weupe tu. Watakata Jumatatu.

Mavyaa hakulia. Aliuliza kama goti litabaki. Litabaki.

Jumatatu, 14 Julai

Umekatwa.

Jumatano, 16 Julai

Kwao Kaloleni mtu haachi kiungo chake hospitalini kikachomwe na takataka. Kazungu aliomba mguu, akatia sahihi, akapewa ndani ya mfuko mweusi. Nyumbani nikautoa kwenye mfuko nikaufunga na kanga ya mavyaa mwenyewe, ile ya kijani anayoipenda. Uzito wake ulinishtua. Nimeuosha mguu huu tangu Pasaka, kila kovu nalijua.

Tukaupeleka huko, mimi na Kazungu. Shimo dogo karibu na kaburi la baba mkwe. Hakuna mchungaji, maana Kazungu hakujua amwambie nini. Akasema tu, "Mama atakufuata baadaye," akaanza kufukia. Nikamsaidia kwa mikono.

Kaburi la mwanangu liko hatua sita kutoka pale. Nyasi zimeota. Nilizing'oa. Kazungu alisimama akaningoja, na kwa mara ya kwanza naye akainama akang'oa. Sikumshukuru. Miaka kumi na minane amechelewa, na siku hiyo mimi sikuwa mtu wa kudai kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Wodini. Msichana wa lishe amekuja na faili, hana haraka leo. Tulikuwa mimi na Dama. Akasoma, akainua macho.

"Hizi mayai zilikuwa zinaliwa kweli?"

Dama akanigeukia. Mimi nikatazama dripu. Mavyaa akauliza anasemaje. Dama akamwinamia sikio la kulia, akamwambia yote, kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha mwisho. Kwamba mayai ndiyo yangefunga kidonda. Kwamba ndivyo walivyosema tangu siku ya kwanza. Kwamba imeandikwa.

Macho ya mavyaa yalikuwa kwangu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Kisha akasema, "Ni mimi niliyeyakataa. Nikamdanganya Dama. Sidi alinibembeleza, hata akanitilia ndani ya uji. Nikamtemea."

Kila neno kweli. Naye hakusema uongo hata mmoja.

Dama akanikumbatia akilia, akaniomba msamaha kwa kunishuku. Alinukia hemu, ndiyo kazi yake. Nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali.

Alhamisi, 24 Julai

Yuko nyumbani siku ya pili. Mayai mawili kila asubuhi, tangu wodini. Anakula yote, kimya, anatafuna taratibu. Leo niliyasahau motoni. Yakaiva mpaka kiini kikafanya ukingo wa kijani. Yakanuka. Nikampelekea hivyo hivyo nione.

Akala. Akanirudishia sahani, akasema ahsante.

Namtaka anitukane. Aseme ni mpira. Aseme mke gani huyu alimwoa mwanangu. Miaka yote nilitamani siku moja ya kimya kutoka kwake, na sasa ninacho, siwezi kukaa nacho chumba kimoja.

Bi Rehema ameanza tena kuleta supu. Hupita mlangoni bila kuniuliza. Humpa mwenyewe mkononi, hungoja mpaka bakuli liishe.

Jumapili, 27 Julai

Dama ameleta hemu. Nimempa paka. Paka amekula.

Jumatano, 6 Agosti

Nyuzi za mwisho zimetolewa leo. Kimefunga. Nesi aliwaita wenzake waje waone, maana kwa mwenye sukari na umri ule si kawaida. Msichana wa lishe amenipa mkono. Ameniambia niendelee hivyo hivyo, nimefanya kazi nzuri.

Nyumbani nimemkalisha barazani. Akaomba kioo cha Kazungu cha kunyolea, atazame mwenyewe. Akakishika chini ya goti, akakigeuza huku na huku. Akapapasa mshono kwa kidole.

Akauliza, tangu wamkate ni siku ngapi.

"Ishirini na tatu, mama."

"Na tangu yule msichana aseme nile mayai, mpaka waliponikata?"

Sikuhitaji kuhesabu. Nikamsogelea sikio la kulia.

"Arobaini na moja."

Akatikisa kichwa polepole. Akakilaza kioo kifudifudi mapajani. Barabarani muuza maji alikuwa anapita na mkokoteni, akamsalimu, mavyaa akaitikia vizuri, akamuulizia na mkewe. Baadaye akainua mikono yote miwili. Nikainama, akanishika shingo, jinsi tulivyofundishwa hospitalini, nikamwinua. Amekuwa mwepesi sana. Nikamlaza, nikamfunika shuka.

Niko jikoni tangu hapo. Sijawasha moto.